Daktari Anayesomea Mifupa na Wajibu Wake kwa Mgonjwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Kibondo na Kasulu, kama lilivyosomwa hewani

Natumaini mmekwisha kaa, madaftari yako wazi, na redio iko mahali ambapo hata walio nyuma wanaisikia. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano, na wanafunzi wayasome kwa pamoja: daktari bingwa, ridhaa, muundi, faili, plasta.

Mmeyasoma? Vema. Daktari bingwa ni daktari aliyeongeza masomo katika sehemu moja ya uganga, kama vile macho, watoto au mifupa. Ridhaa ni kukubali jambo kwa hiari baada ya kulielewa. Muundi ni sehemu ya mbele ya mguu, kati ya goti na kifundo. Faili ni jalada ambamo habari za mgonjwa huandikwa. Siku hizi hospitali nyingine huziandika katika kompyuta. Na plasta ya leo ni ile ngumu kama chokaa, inayofungwa kuzunguka mguu au mkono uliovunjika. Wengine huiita hogo.

Somo letu lahusu madaktari wanaosomea upasuaji wa mifupa. Tutaona wana wajibu gani kwa mgonjwa aliyelala kitandani, nasi tufanye nini ili wajibu huo utimizwe.

Kwa nini somo hili ni letu

Katika nchi yetu hii ya milima mifupa huvunjika kwa njia nyingi. Pikipiki ya bodaboda huteleza kwenye mteremko wakati wa masika. Mtoto huanguka toka juu ya mwembe. Mti unaokatwa humwangukia mkataji. Bibi kizee huteleza uani penye tope, na nyonga yake ikavunjika.

Mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa kwanza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, Kasulu au Kibondo, au hospitali ya misheni kama Kabanga. Ikiwa kazi ni kubwa, hupelekwa Maweni, hospitali ya mkoa mjini Kigoma. Na ikizidi hapo, safari ni ndefu: Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, mahali palipo na Taasisi ya Mifupa iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996.

Njia moja ya kutoka Kibondo kwenda Mwanza hupita Kakonko, Nyakanazi na Geita mpaka Busisi, kando ya Ziwa Victoria. Zamani hapo ilibidi kungoja kivuko. Tangu mwaka 2025 pana daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi. Hata hivyo, mgonjwa aliyevunjika mguu huisikia kila tuta ya njia hiyo.

Basi baada ya taabu yote hiyo mgonjwa hufika hospitali kubwa, na daktari wa kwanza kusimama kitandani pake ni kijana. Ndugu hunong'onezana: "Tumepewa mwanafunzi!" Wengine huogopa, wakafikiri mgonjwa wao atakuwa kitu cha kujaribia. Wako hata wanaomchukua mgonjwa wao na kurudi naye nyumbani. Kabla ya kuamua jambo kama hilo, yafaa kujua kijana yule ni nani.

Huyu kijana ni nani?

Katika hospitali ya kufundishia utaona madaktari wa ngazi mbalimbali. Wa kwanza ni daktari tarajali. Huyu amemaliza miaka mitano ya chuo cha udaktari, naye hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, akipita wodi za upasuaji, za watoto, za wazazi na za magonjwa ya ndani.

Wa pili ni daktari anayesomea ubingwa. Huyu ni daktari kamili. Pengine alikwisha kufanya kazi katika hospitali ya wilaya kama yetu kabla ya kurudi masomoni. Sasa anajifunza mifupa kwa miaka mitatu au zaidi, na darasa lake ni wodi na chumba cha upasuaji. Wako wanaosoma katika vyuo vikuu, kama kile cha Muhimbili au cha KCMC huko Moshi. Wako pia wanaosoma chini ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho wanafunzi wake hujifunza kazi wakiwa katika hospitali zao.

Wa tatu ni daktari bingwa mwenyewe, anayewafundisha wale wawili na kubeba dhamana ya mwisho ya mgonjwa.

Bingwa mmoja ana wagonjwa wengi, hawezi kukaa kando ya kila kitanda. Anayekuona asubuhi na jioni, na anayeamshwa usiku kwa ajili yako, mara nyingi ni yule anayejifunza. Kwa hiyo uzima wa mguu wako wategemea sana jinsi anavyotimiza wajibu wake. Na wajibu huo waweza kuujua hata kama hukusoma udaktari.

Wajibu wa kwanza: kumpokea mgonjwa mzima, asitazame mguu peke yake

Tumtwae mtu mmoja kwa mfano. Si mtu fulani, ni mfano wa darasani tu. Ni kijana wa bodaboda kutoka vilima vya Kasulu. Muundi wake umevunjika, na ncha ya mfupa imetoboa ngozi. Amefuatana na mama yake.

Macho ya kila mtu yamevutwa na mguu ule. Lakini daktari hana budi kuanza penginepo. Atazame kwanza kama mgonjwa anapumua vizuri, kama anavuja damu, kama kichwa, shingo, kifua na tumbo ni salama. Mfupa wa paja ukivunjika, damu lita moja au zaidi yaweza kuvujia ndani ya nyama bila hata tone kuonekana nje. Mtu mzima ana damu kama lita tano tu.

Kisha aulize: Umeumia saa ngapi? Ulianguka vipi? Umekula lini? Unatumia dawa gani? Je, mguu ulifungwa au kukandwa kabla ya kuja? Majibu yote huyaandika katika faili, pamoja na saa.

Kwa mfupa uliotoboa ngozi, saa ni jambo kubwa. Uchafu wa barabarani umeingia. Mgonjwa apewe dawa ya kuua vijidudu mapema iwezekanavyo, achomwe sindano ya kinga ya pepopunda, na kidonda kioshwe vizuri katika chumba cha upasuaji. Pia apewe dawa ya maumivu. Kumwacha mtu aumie bila dawa, ati kwa kuwa picha ya eksirei haijapigwa, si uganga mwema.

Wajibu wa pili: kueleza mpaka aeleweke

Sasa mguu wahitaji kupasuliwa. Daktari analeta karatasi ya ridhaa. Hapa, wanafunzi wangu, ndipo kisomo chenu kinapopimwa.

Karatasi ile si risiti ya kulipia kitanda. Inasema kwamba umeelezwa, umeelewa, na umekubali. Kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, daktari ana wajibu wa kukueleza mambo manne. Yaandikeni:

1. Ni kitu gani kimevunjika au kuharibika.
2. Wanataka kufanya nini, na kwa nini.
3. Kuna hatari gani katika kufanya hivyo.
4. Kuna njia nyingine gani, na itakuwaje usipofanya kitu.

Aeleze kwa lugha unayoijua. Daktari huenda ni mtu wa Kilimanjaro au wa Pemba, na mama wa kijana wetu amezoea Kiha. Mama yule ataitikia "ndiyo" kwa adabu tu, hali hakuelewa neno. Daktari mwema huliona hilo. Huanza kwa "Shikamoo, mama," akangoja marahaba, akatafuta mtu wa kutafsiri, kisha akasema: "Mama, hebu nieleze wewe sasa, kesho tutamfanyia nini mwanao?" Mama akiweza kueleza, ameelewa. Akishindwa, kosa si lake. Daktari arudie.

Nawe una haki ya kuuliza: "Nani atanipasua, na nani atamsimamia?" Swali hili si la utovu wa adabu. Kuuliza si ujinga.

Wajibu wa tatu: kulinda mguu usiku

Tumefika mahali penye uzito kuliko pote, na naomba mnisikilize sana.

Mguu ukivunjika, huvimba. Nyama za mguu zimefungwa ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Uvimbe ukizidi ndani ya mfuko ule, mishipa midogo ya damu hubanwa, na nyama hukosa damu. Jambo hili laweza kutokea hata kama ngozi haikupasuka. Plasta au bendeji iliyobana huzidisha hatari. Likiachwa kwa muda wa saa sita hivi, nyama huanza kufa, nazo zikifa hazifufuki. Mtu aliyeingia na mfupa mmoja uliovunjika aweza kutoka na mguu usiofaa kitu, au bila mguu.

Kwa hiyo daktari wa zamu ana wajibu wa kurudi kitandani mara kwa mara, naye asiridhike na kusimama mlangoni. Humwuliza mgonjwa kama maumivu yanazidi. Hukunja na kukunjua vidole vya mguu polepole, aone kama maumivu yanapanda mno. Hushika vidole, kama ni vya moto au vya baridi, na kuuliza kama vimekufa ganzi. Tena hutazama kama damu inafika.

Jambo hili la mwisho tulifanye sote sasa hivi. Bonyeza ukucha wa kidole chako kwa nguvu kidogo mpaka uwe mweupe. Achilia. Umeona rangi nyekundu imerudi upesi, kama muda wa kusema "moja, mbili"? Hiyo ndiyo damu. Ikichelewa kurudi, ni dalili ya hatari. Lakini kumbukeni hili: hata rangi ikirudi vizuri, maumivu makali yanayozidi peke yake yatosha kumwita daktari. Ndiyo dalili inayotangulia nyingine.

Akiona dalili hizo, daktari anayejifunza apasue plasta na bendeji zote mpaka kwenye ngozi, na amwite mkubwa wake mara moja. Asingoje kukuche. Asiogope kumwamsha bingwa usingizini. Katika kazi hii kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya elimu yenyewe, na walimu wema huwaambia vijana wao kwamba heri kuamshwa mara kumi bure kuliko kutoamshwa mara moja ya haja.

Zamu inapokwisha, daktari amkabidhi mwenzake kila mgonjwa wa hatari kwa jina na kwa kitanda. Habari zisiishie kichwani mwa mtu aliyekwenda kulala.

Mwalimu, zima redio kidogo kama una kinasa sauti, ama soma tena sehemu hii katika karatasi. Wanafunzi wataje dalili za hatari bila kutazama.

Wajibu wa nne: uangalifu katika chumba cha upasuaji

Kabla mgonjwa hajaingia, daktari aweke alama ya wino juu ya mguu utakaopasuliwa, mgonjwa akiwa macho na akiona. Alama ile ni ndogo, lakini huzuia msiba wa kupasua mguu mzima na kuuacha mbovu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha katika kila upasuaji. Kazi husimamishwa mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka. Huulizana kwa sauti: Mgonjwa huyu ni nani? Tunapasua wapi? Ana mzio wa dawa yoyote? Na mwishoni: Vitambaa na vyombo vimetimia hesabu? Daktari aliye mdogo kuliko wote chumbani ana ruhusa ya kusema "Ngojeni" akiona jambo haliko sawa. Tena ni wajibu wake kusema.

Kujifunza kwenyewe huenda kwa ngazi. Kwanza hutazama, kisha husaidia, kisha hufanya huku bingwa amesimama karibu naye. Kila kazi huiandika katika daftari lake la upasuaji, na kueleza alifanya sehemu gani. Ndivyo fundi wa vyombo vya mbao anavyomfunza kijana wake: hampi msumeno na ubao wa mninga siku ya kwanza.

Wajibu wa tano: siku za kungoja

Mfupa hauungwi na daktari. Daktari huuweka mahali pake na kuushika kwa plasta au kwa chuma. Mwili wenyewe ndio unaouunga, na mfupa wa paja wa mtu mzima huchukua miezi mitatu au zaidi. Katika siku hizo mgonjwa aweza kupata madhara kwa kulala tu.

Daktari na wauguzi hutazama mgongo na visigino, maana asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia. Mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Hutazama kidonda kama kina usaha, na kama homa imepanda. Humhimiza mgonjwa afanye mazoezi ya viungo mapema, ajifunze kutembea kwa magongo, ili damu isigande na magoti yasikakamae.

Siku ya kuruhusiwa, daktari asikupe karatasi na kukuaga. Akueleze dawa na siku ya kurudi, na kama waweza kuukanyagia mguu. Tena aulize unakotoka. Kwa mtu wa Kibondo, kurudi Mwanza kutolewa nyuzi kwaweza kumgharimu mbuzi wa nyumbani. Yafaa aandike barua kwa hospitali ya wilaya, ili nyuzi zitolewe karibu na kwako, na safari ndefu ibaki kwa jambo lisilowezekana hapa. Ikiwa hakuuliza, mwambie wewe.

Habari za mafundi wa mifupa wa vijijini

Wengi wetu tunawajua wazee wanaounga mifupa kwa vijiti na kukanda. Somo hili halikuja kuwadharau. Katika karne ya 19 huko Wales, Uingereza, ilikuwako jamaa ya waunga mifupa wa namna hiyo. Mmoja wao, Evan Thomas, aliwapeleka wanawe kusomea udaktari. Mwanawe Hugh Owen Thomas alifanya kazi Liverpool, akatengeneza gango la chuma la kunyosha mguu. Katika Vita Kuu ya Kwanza gango hilo liliokoa maisha ya askari wengi waliovunjika mapaja, na hata leo hospitali hulitumia. Kwa hiyo elimu ya hospitali na ujuzi wa wazee zina undugu.

Lakini kuna mambo ambayo vijiti haviwezi. Mfupa uliotoboa ngozi usikandwe kamwe. Vijiti vikikazwa juu ya mguu unaovimba huleta hatari ile ile tuliyoieleza ya usiku, na watoto wamepoteza mikono kwa sababu hiyo. Basi mzee akimfunga mtu ili asafiri, amfunge kwa kulegeza, aache vidole wazi, na watu wavitazame njia nzima.

Wajibu wako wewe

Daktari hawezi kuyaona yaliyo ndani ya mwili wako usipomwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiumwa usiku, sema. Usione haya kumwita nesi mara ya pili na ya tatu. Usiloweshe plasta. Usiingize kijiti ndani yake kujikuna. Weka mguu juu ya mto, upite kimo cha moyo. Vidole vikivimba, vikipoa au vikifa ganzi, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe iliyoandikwa.

Na daktari asipotimiza wajibu wake? Mwambie muuguzi mkuu wa wodi, kisha omba kuonana na bingwa au mganga mkuu wa hospitali. Kwa neno kubwa zaidi liko Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye kazi ya kusimamia mwenendo wa madaktari.

Tukumbuke pia kwamba kijana yule ameacha nyumba yake, pengine hajalala tangu jana, na bado anashika vidole vya mguu wako saa nane za usiku kuona kama vina joto. Hiyo ndiyo kazi anayojifunza. Ukimjibu kweli, umemfunza; naye akisikiliza, huenda ameuokoa mguu wako.

Maswali ya kujibu darasani

1. Taja ngazi tatu za madaktari katika hospitali ya kufundishia.
2. Kwa nini daktari hutazama kwanza pumzi kabla ya mguu?
3. Eleza mambo manne ya kuelezwa kabla ya kutoa ridhaa.
4. Taja dalili nne za hatari katika mguu uliofungwa plasta. Ipi hutangulia?
5. Mzee wa kijiji amfungeje mtu aliyevunjika mkono ili asafiri salama?

Kazi ya kuandika nyumbani: Andika barua fupi kwa ndugu yako aliyelazwa hospitali. Mweleze maswali matatu ya kumwuliza daktari kesho asubuhi. Mwalimu atazisoma barua hizo kabla ya somo lijalo.

Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini, na Mungu awajalie afya njema.